Maswali ya Wasomaji: Spider-Man wa Mwaka 2004 Anastahili Kurudi Sokoni

Katika toleo lililopita tuliwauliza wasomaji ni gemu ipi ya zamani, miongoni mwa zile zinazomwachia mchezaji jiji zima azunguke apendavyo, wangetamani itolewe upya. Majibu yalikuwa ya kila namna, lakini jina moja lilirudi tena na tena: Spider-Man 2, iliyotolewa na kampuni ya Activision mwezi Juni 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, Xbox na GameCube, sambamba na filamu yenye jina hilohilo. Kwa kuwa nami naipenda gemu hiyo kwa dhati, safu nzima ya leo nimeiachia barua zinazoihusu.

Swali kutoka Tanga

*Ndugu Mwandishi, mimi ni baba wa watoto wawili. Nilipokuwa shule ya msingi, Spider-Man 2 ndiyo iliyokuwa ikitujaza kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, mmoja kwenye pedi na wengine ishirini nyuma yake wakitoa maelekezo. Mwanangu mkubwa sasa anacheza Spider-Man mpya kwenye PS4, na ananiambia kwamba ile ya zamani haina chochote ambacho hii ya kwake haina. Je, anasema kweli, au mimi ndiye ninayetamani utoto wangu?*

Ndugu yangu wa Tanga, kuutamani utoto ni haki yako, lakini hata mtu ambaye hakuwahi kukanyaga banda la gemu anaweza kuona ubora wa gemu hii akipewa pedi kwa nusu saa. Ubora huo umo katika jambo moja, nalo ni namna Spider-Man anavyobembea.

Studio ya Treyarch ya California ilikuwa imetengeneza gemu ya kwanza ya mfululizo huo mwaka 2002. Ndani yake utando ulirushwa juu ukashika hewa tu. Mchezaji alibembea hata pale ambapo hapakuwa na jengo lolote, na barabara ya chini haikufikika kabisa. Katika gemu ya pili, Jamie Fristrom, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo pale Treyarch, alipigania wazo kwamba utando lazima unate kwenye kitu kilichopo kweli. Likionekana dogo likisemwa, wazo hilo lilibadilisha kila kitu, kwa sababu kuanzia hapo umbo la Manhattan, kisiwa cha jiji la New York, likawa ndilo linaloamua mwendo wako.

Hebu tuutazame mwendo huo kwa karibu. Uko hewani juu ya barabara pana, ghorofa refu liko kulia kwako, nawe unabonyeza kitufe cha R2 kwenye pedi. Utando unakwenda kunata kwenye ukuta wa ghorofa hilo, na mwili wako unaanza kushuka kwa kulizunguka kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Ukiachia mapema, wakati bado unashuka, kasi yote inakupeleka chini kwenye magari. Ukichelewa mno, unafika juu kabisa ya mbembeo, mwendo unakufa, nawe unaning'inia ukitafuta pa kwenda. Lakini ukiachia pale tu unapokuwa umeipita sehemu ya chini na kuanza kupanda, kisha ukaruka kwa kubonyeza X, unatupwa juu na mbele kwa kasi uliyoichuma mwenyewe, na mbembeo unaofuata unaanza ukiwa na kasi zaidi ya ule uliopita. Kupiga kona nako kuna elimu yake: sharti uchague jengo lililo upande unaotaka kuelekea, utupe utando kwa wakati, na kuuacha mwili uizunguke ile pembe bila kugonga ukuta. Ukifika Central Park, ambako maghorofa yanakwisha ghafla, unaihisi tofauti mara moja, na unajikuta unatafuta njia ya kurudi kwenye majengo.

Kwa hiyo katika gemu hii kulikuwa na watu wanaojua kubembea na watu wasiojua, na wewe uliyesimama nyuma ya yule mwenye pedi unalikumbuka hilo vizuri. Mtoto mgeni alikuwa akitambaa ukutani na kudondoka barabarani, wakati yule aliyezoea alivuka kisiwa kizima bila kugusa ardhi. Hata kasi yenyewe haikutolewa bure. Ulianza ukiwa mzito, na kadiri ulivyosaidia watu ndivyo ulivyopata alama za ushujaa, ambazo ulizitumia katika maduka yaliyotawanyika mjini kununua kasi zaidi na mbinu mpya. Mtu aliyefikia kasi ya juu alikuwa ameitolea jasho, kwa kuisaka na kwa kujifunza kuitawala.

Sasa nikija kwa mwanao, kwanza mpe haki yake. Gemu ya mwaka 2018 iliyotengenezwa na Insomniac ni kazi nzuri sana. Utando wake nao unanata kwenye majengo, hadithi yake ina uzito kuliko ile ya 2004, na mapigano yake ni mazuri mara nyingi zaidi. Hata hivyo, gemu hiyo inamshika mkono mchezaji. Inamwepusha asigonge, inampindisha kuelekea anakotaka, na inahakikisha kwamba anapendeza tangu dakika ya kwanza. Inampa uzuri kabla hajaujua ufundi. Na watengenezaji wenyewe walilitambua pengo hilo: walipotoa sehemu ya pili ya gemu hiyo mwezi Oktoba 2023, waliweka mpangilio unaomruhusu mchezaji kupunguza msaada wa kubembea kutoka 10 hadi 0, na mwingine unaofanya Spider-Man aumie akianguka kutoka juu. Hakuna kampuni inayotumia muda kutengeneza kitu kama hicho isipokuwa imesikia wachezaji wengi wakikililia. Mwambie mwanao aipeleke hiyo namba hadi 0, kama atapata gemu hiyo, naye atakuelewa kwa kiasi fulani. Nasema kwa kiasi fulani, kwa sababu lile la zamani lilijengwa hivyo tangu msingi, wakati hili jipya limepunguziwa tu msaada.

Sitaki kukuficha kasoro zake. Matukio ya mjini yanajirudia kupita kiasi: yuleyule mwizi wa mkoba, magari yaleyale yanayofukuzana, mtu yuleyule anayening'inia kwenye ukingo wa jengo akiomba msaada. Sehemu zinazochezwa ndani ya nyumba ni dhaifu, kwa kuwa gemu iliyojengwa kwa ajili ya anga inabanwa na dari. Lakini hata katika hayo kulikuwa na moyo ambao siuoni mara nyingi siku hizi. Yule mtoto anayelia kwa sababu puto lake limepaa, nawe unaacha majambazi ukamfuatie puto. Zile kazi za kupeleka piza kabla ya muda kuisha, huku ukipigiwa *Funiculì, Funiculà*, wimbo wa Napoli wa mwaka 1880, na ukijua kwamba kila mbembeo wa fujo unaiharibu piza mgongoni. Na yule adui aitwaye Mysterio, ambaye kabla ya pambano lake la mwisho kipimo cha uhai wake kinajaa mara tatu mbele ya macho yako hadi unakata tamaa, halafu unampiga ngumi moja tu anaanguka. Waliotengeneza gemu hii walikuwa wanafurahia kazi yao.

Swali kutoka Mombasa

*Mhariri mpendwa, kama gemu hii inapendwa kiasi hicho, mbona haiuzwi popote? Nimeitafuta katika maduka ya PlayStation, ya Xbox na ya kompyuta, sikuiona. Hivi kampuni hazitaki pesa?*

Kampuni zinataka pesa, ndugu yangu, lakini pesa hii ina wenyewe wengi. Toleo la PlayStation 2, Xbox na GameCube halijawahi kuuzwa kwa njia ya kidijitali, na kikwazo kikubwa kiko kwenye karatasi kuliko kwenye mitambo.

Hesabu mwenyewe wanaotakiwa kukaa mezani. Mhusika Spider-Man ni mali ya Marvel, ambayo Disney ilinunua mwaka 2009. Gemu yenyewe iligharimiwa na kuuzwa na Activision, ambayo tangu Oktoba 2023 ni mali ya Microsoft, baada ya ununuzi wa takriban dola bilioni 69. Filamu ambayo gemu iliifuata ni ya Sony Pictures. Tena Tobey Maguire, Kirsten Dunst na Alfred Molina walitoa sauti zao, na nyuso za wahusika wakuu zilichorwa kwa kuwafuata. Leseni ya Activision ya kutengeneza gemu za Spider-Man nayo ilifika mwisho wake. Mwanzoni mwa mwaka 2014 gemu zake kadhaa za Marvel zilianza kutoweka kwenye maduka ya kidijitali, na wale waliokuwa hawajanunua wakabaki kuangalia. Ongeza kwamba Sony, wanaouza gemu mpya za Spider-Man kwenye mashine zao, na Microsoft, wanaomiliki kampuni iliyotoa ile ya zamani, ni washindani wakubwa wa biashara hii hii.

Ukiishia hapo utavunjika moyo, nami sitaki uishie hapo. Gemu ya *GoldenEye 007* ya mwaka 1997 ilikuwa na fundo gumu vilevile: ilitolewa kwenye mashine ya Nintendo, studio iliyoitengeneza, Rare, baadaye ikanunuliwa na Microsoft, na mhusika James Bond ana wenyewe wengine kabisa. Kwa miaka mingi watu walisema haitawezekana. Mwezi Januari 2023 ikatoka, tena siku moja, kwenye Nintendo Switch na kwenye Xbox, yaani kwa washindani wawili kwa pamoja. Na kwa upande wa Marvel, mwezi Septemba 2024 Capcom ilitoa mkusanyiko wa gemu zake za zamani za mapigano zenye wahusika wa Marvel, gemu ambazo mashabiki walikuwa wameziombea kwa miaka mingi. Kumbe Disney ikiombwa vizuri husikia.

Tena Spider-Man 2 ina nafuu moja ambayo watu huisahau. Gemu nyingi za jiji la wazi za enzi hiyo zimefungwa na redio za magari yake. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, kwa mfano, ilijaa nyimbo za wasanii wakubwa zilizokodiwa kwa muda, na muda ulipokwisha, mwaka 2014, nyimbo kadhaa ziliondolewa hata kwenye nakala zilizokuwa zikiuzwa za kompyuta. Spider-Man hana gari wala redio. Muziki unaoukumbuka zaidi katika gemu yake ni ule wa piza, na utunzi wake ni wa karne ya kumi na tisa. Mlango huo, ambao umewafungia wengi, kwake hauna kufuli.

Haraka ipo. Utafiti uliotolewa mwezi Julai 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Mtu anayezitaka atafute diski kuukuu, asafiri hadi kwenye hifadhi iliyonayo, au achukue nakala isiyo halali. Na mwezi Oktoba 2024 ofisi ya haki miliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwawezesha watafiti kuzicheza gemu za namna hiyo wakiwa mbali. Kwa sheria zilivyo, mwenye uwezo wa kuirudisha gemu hii mikononi mwa watu kihalali ni mwenye haki zake peke yake, na ndiyo maana nasema ni wajibu wake kuitoa.

Swali kutoka Morogoro

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Baada ya kusoma sifa za Spider-Man 2 katika gazeti lenu, nilimwomba kaka aniwekee kwenye kompyuta yake, kwa kuwa anayo CD yake ya zamani. Nimeicheza na sikuona cha kusifia. Kubembea kwenyewe ni kwa shida na hakuna uhuru wowote. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Hukukosea popote, umecheza gemu nyingine yenye jina hilohilo na picha hiyohiyo ya jalada. Toleo la kompyuta lilitengenezwa na studio tofauti, The Fizz Factor, kwa ajili ya watoto wadogo, na ule mwendo wa utando nilioueleza hapo juu haukuwamo, ulirahisishwa sana. Walionunua CD ile wakidhani watapata walichokiona kwenye PS2 ya jirani walishangaa kama wewe, na huku kwetu, ambako kompyuta ya ofisini au ya shule mara nyingi ilipatikana kirahisi kuliko PS2, nadhani wako wengi ambao hadi leo wanaijua gemu hii kwa sura yake isiyo yenyewe. Matoleo ya PSP na Nintendo DS nayo yalikuwa kazi nyingine kabisa. Ukibahatika kupata PS2, ianze upya, na usiihukumu kabla hujanunua angalau ngazi mbili tatu za kasi.

Swali kutoka Nairobi

*Bwana Mwandishi, mimi naogopa. San Andreas ilipotolewa upya mwaka 2021 niliinunua kwa furaha, na nilichokiona kilinisikitisha. Je, si heri gemu tunazozipenda zibaki kwenye kumbukumbu kuliko kurudishwa zikiwa zimeharibiwa?*

Hofu yako ina msingi, bwana, na nitaijibu kwa kirefu, kwa kuwa humo ndimo ulimo uamuzi wote.

Kwanza tukumbushane kilichotokea. Tarehe 11 Novemba 2021, Rockstar ilitoa mkusanyiko wa gemu zake tatu, San Andreas ikiwamo, uliotengenezwa na studio ya Grove Street Games. Nyuso za watu zilikuwa kama za plastiki, mvua ilikuwa mistari myeupe iliyoziba macho, na maandishi ya mabango ya maduka yalikosewa kwa sababu picha za zamani zilikuzwa na programu bila jicho la binadamu kuzikagua. Wakati huohuo gemu za asili zilikuwa zimeondolewa sokoni ili mpya ziuzwe. Baada ya siku nane Rockstar iliomba radhi na kuahidi kuzirudisha zile za zamani kwenye duka lake la kompyuta. Mwezi Novemba 2024, miaka mitatu baadaye, ndipo yalipotolewa marekebisho makubwa, yakiwemo ya kurudisha mwanga na anga ya zamani.

Kosa lililonifundisha zaidi ni la ukungu. San Andreas ya PS2 ilikuwa na ukungu kwa mbali, na watu wengi waliuona kuwa upungufu wa mashine. Watengenezaji wa toleo jipya wakauondoa, kwa kuwa mashine za sasa zinaweza kuonyesha mbali. Matokeo yake, ukipaa kwa ndege uliona miji yote mitatu kwa mara moja, ikiwa imebanana, na nchi iliyokuwa ikionekana kubwa ikawa kitongoji. Ule ukungu ndio uliokuwa ukiibeba safari ya kutoka mji hadi mji. Waliouondoa walidhani wanasafisha kioo, kumbe wanabomoa nyumba.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Spider-Man, kwa sababu unahusu mwendo. Mwaka 2017 gemu tatu za kwanza za Crash Bandicoot zilijengwa upya, na kwa macho zilipendeza sana. Lakini waliozijua za zamani waligundua upesi kwamba katika ile ya kwanza Crash anateleza kwenye kingo ambazo zamani alikuwa akisimama, na watengenezaji wakakiri kwamba kuruka kwake hakukuwa kama kulivyokuwa. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na ilitosha kumnyima mtu miruko aliyoizoea tangu utotoni. Basi fikiria gemu ambayo yote imesimama juu ya pembe ya utando na sekunde ya kuuachia. Ukibadilisha urefu wa utando kidogo, au uzito wa mwili kidogo, au jinsi ukuta unavyokamatika, unabaki na Manhattan yenye picha safi na mtu mwekundu anayeruka ndani yake, lakini kile tunachokililia hakipo.

Kwa hiyo mimi siombi gemu hii ijengwe upya. Naomba itolewe ilivyo. Naomba msimbo wake wa mwaka 2004, yaani maandishi ya programu yenyewe, ndio uendeshwe, picha iongezwe usafi hadi pale inapoweza bila kugusa kitu kingine, ijae kwenye televisheni pana za leo, mchezaji aweze kuhifadhi alipofika wakati wowote, na mambo yaishie hapo. Hata kuongeza idadi ya picha kwa sekunde kufanywe kwa tahadhari, kwa kuwa gemu nyingi za enzi hizo zilifunga hesabu za mwendo kwenye idadi hiyo. Aliyewahi kuondoa kikomo chake katika San Andreas ya kompyuta anajua jinsi kuogelea na magari kunavyoanza kwenda ovyo. Uso wa Tobey Maguire ubaki na pembe zake. Sauti ya Bruce Campbell, anayemwelekeza mchezaji huku akimtania kutoka mwanzo hadi mwisho, isikatwe hata neno moja. Studio yenye moyo wa uhifadhi ikipewa msimbo kamili inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, na nasema msimbo kamili kwa sababu kampuni ya Konami iliwahi kuwapa watengenezaji wa mkusanyiko wa gemu zake za Silent Hill wa mwaka 2012 msimbo ambao haukuwa wa mwisho, na kasoro zilizokuwa zimerekebishwa miaka ya nyuma zikarudi zote.

Kuhusu kuacha gemu zibaki kwenye kumbukumbu, hapo siwezi kukubaliana nawe, bwana. Mimi na wewe tunayo kumbukumbu hiyo. Yule mwanafunzi wa Morogoro hana, na hatuna haki ya kumnyima kwa sababu ya hofu yetu. Tunachopaswa kudai kwa sauti ni kwamba toleo la asili lisiondolewe kamwe ili jipya liuzwe. Toleo baya likitoka huku la asili likiwa bado linapatikana, hakuna aliyepoteza kitu.

Swali kutoka Dodoma

*Ndugu Mwandishi, kaka yangu, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, aliniachia PS2 yake pamoja na diski halisi ya Spider-Man 2 na memori kadi yenye gemu aliyoifikisha karibu na mwisho. Vimekaa kabatini muda mrefu. Nataka wanangu wacheze, lakini naogopa kuharibu, na zaidi naogopa kuipoteza ile kazi ya kaka. Nifanye nini?*

Dada yangu, unayo hazina, na haihitaji fundi ili kuanza.

Kabla ya kuchomeka umeme, igeuze mashine usome kibandiko chake. Mashine nyingi zilizoingia nchini kama mitumba zilitoka Japani, na hizo zinatumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu utaiunguza. Ikiwa imeandikwa 220 hadi 240 uko salama. Kibandiko hicho kitakueleza pia mashine ni ya eneo lipi, maana diski ya eneo la Ulaya haichezi kwenye mashine ya Japani au ya Marekani ambayo haijafunguliwa na fundi.

Diski ifute kwa kitambaa laini kikavu, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, na usizungushe mkono, kwa sababu mkwaruzo wa kuzunguka unaifuata njia ya data na ndio unaoiua diski. Mashine ikikataa kusoma mara ya kwanza usikate tamaa wala usiilazimishe. Mara nyingi ni vumbi kwenye lenzi.

Kwa upande wa televisheni, kama bado unayo ya chogo, itumie hiyo. Gemu hii ilitengenezwa kwa ajili yake, na amri ya pedi inafika kwenye kioo bila kuchelewa. Kwenye televisheni bapa kuna ucheleweshaji mdogo ambao katika gemu nyingine hauonekani, lakini katika kubembea unakufanya uachie utando baada ya wakati wake. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, uweke hali ya gemu, na kama ina matundu ya rangi nyekundu, buluu na kijani, nunua waya wa PS2 wa namna hiyo badala ya ule wa njano. Picha itakuwa safi zaidi kwa gharama ndogo.

Sasa ile kazi ya kaka. Memori kadi ya kawaida ya PS2 ina megabaiti 8, na kama chombo chochote cha kuhifadhi data inaweza kufa bila taarifa. Tafuta kadi ya pili. Washa mashine bila diski ndani, chagua Browser kwenye ukurasa wa kwanza, fungua kadi ya kaka, nenda kwenye alama ya Spider-Man 2, kisha uchague kuinakili kwenda kwenye kadi mpya iliyo kwenye tundu la pili. Usichomoe kadi yoyote hadi mashine iseme imemaliza. Ikishamaliza, iondoe kadi ya kaka kabisa na uiweke mahali pakavu, watoto waanze gemu yao wenyewe kwenye ile mpya. Wakikwama sana, waonyeshe faili la mjomba wao: kasi aliyonunua imo humo tayari, na wakiibonyeza ile R2 wataona tofauti yake na yao.